Mrithi wa Windsor na mrithi wa Mufindi

Kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, hapa Leicester, kuna bibi mwenye kikombe cha harusi ya Charles na Diana, ile ya Julai 29, 1981. Kina sura zote mbili. Ukimpelekea chai, hakikisha Diana anamtazama yeye na Charles anatazama ukuta. Wiki yangu ya kwanza nilikosea. Chai ilirudi jikoni haijaguswa.

Nilijiuliza mtu anawezaje kumnunia mwana wa mfalme miaka yote hiyo kwa ugomvi wa ndoa isiyomhusu. Lakini yeye aliyaona yote sebuleni kwake. Juni 1994 Charles alikiri kwenye televisheni kwamba alitoka nje ya ndoa, ilipokwisha kuharibika. Mwaka uliofuata Diana naye akasema ndani ya ndoa ile walikuwamo watu watatu, wa tatu akiwa Camilla, mpenzi wa Charles. Talaka ikatoka Agosti 1996, na mwaka mmoja baadaye Diana akafa ajalini Paris. Wakatokea waliotaka taji limruke baba liende moja kwa moja kwa William.

Taji la hapa halimruki mtu kwa sababu wananchi wamenuna. Sheria yao ya mwaka 1701 inamtaka Mprotestanti wa ukoo wa kifalme, na foleni ni ya kuzaliwa. Nilipowasimulia wenzangu wa parokiani Iringa kwamba mzinzi anaweza kuwa mfalme ila Mkatoliki hawezi, simu nzima ilikuwa kicheko.

Basi watu walikasirika, wakaendelea kukasirika, mwisho wakachoka. Aprili 2005 akamwoa Camilla yuleyule. Mei 6, 2023 wakavishwa taji pamoja. Waingereza wanaita hilo kusamehe. Mimi naona ni uchovu. Bibi yule wa kikombe aliitazama sherehe yote, akasema, "Amezeeka, maskini." Nikamuuliza kuhusu Camilla. Akaomba sukari.

Kwetu machifu walivuliwa utawala mwaka 1963, kwa hiyo mrithi tunayemjua vizuri ni yule wa nyumbani. Kaka yetu mkubwa aliuza ekari tatu za paina za baba, baba akiwa kitandani hajiwezi. Kijiji kizima kilijua, maana malori ya magogo hayafichiki. Hakuna aliyemtukana. Kilabuni aliendelea kukaribishwa ulanzi, watoto wakaendelea kumwamkia "shikamoo".

Baba alipofariki, tukakaa kikao cha ukoo ili tumpate msimamizi wa mirathi. Baba mdogo alishika kalamu, akauliza, "Tumwandike nani?" Macho yote yakaenda sakafuni. Mvua ilikuwa inapiga bati, nadhani iliwasaidia. Kisha shangazi akataja jina la dada yetu wa tatu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Likaandikwa. Muhtasari ukaenda Mahakama ya Mwanzo na sahihi ya kaka ikiwa miongoni mwa waliohudhuria.

Sisemi kwetu ni bora. Kimya hichohicho kimewanyang'anya mashamba wajane wasio na kosa lolote, nami nimekaa kwenye vikao hivyo nikatazama sakafu kama wengine. Ila pale, siku ile, aibu ilifanya kazi ambayo hasira ya taifa zima la Uingereza haikuweza kuifanya.

Kaka alinipigia Krismasi iliyopita. Hakugusia mirathi, wala miti. Aliomba nauli ya kwenda Mafinga, nikamtumia.