Kitulo: maua yawe na mwongozaji?

Mvua zikishakolea Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, uwanda wa Kitulo hujaa maua. Kuanzia Desemba hadi Aprili, kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, mamia ya aina za mimea hupokezana kuchanua, zikiwemo aina 45 za okidi za ardhini. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 eneo hilo la kilomita za mraba 412.9 likawa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea.

Kwenye hifadhi zenye simba hakuna anayebishana kuhusu haja ya mwongozaji wa wageni. Kitulo unashuka garini na kutembea, kwa hiyo wapo wanaoona hana kazi pale. Hoja yao ina uzito. Ua dogo linataka uchuchumae mbele yake mpaka uridhike, wala si kuhimizwa kwamba kundi limetangulia. Halafu kuna gharama. Mwanafunzi wa Makete au Mbeya anayetaka kuiona fahari ya kwao hapaswi kuongezewa malipo mengine juu ya kiingilio na nauli ya barabara yenye tope.

Ila Kitulo kuna hatari ambayo haingurumi. Viazi vya okidi za jamii ya Disa, Habenaria na Satyrium huchimbwa Nyanda za Juu Kusini na kuvushwa hadi Zambia, ambako husagwa na kupikwa na karanga kuwa chikanda, chakula kinachopendwa sana huko. Ukichimba kiazi, umeua mmea. Mbegu ya okidi nayo ni laini kama vumbi, haina akiba ya chakula, na haioti bila kuvu wa udongoni wa kuilisha. Palipochimbwa au kukanyagwa sana hapapati maua mapya upesi. Mgeni asiyejua hayo hukanyaga chipukizi huku akilenga kamera kwenye ua lililokwisha kuchanua.

Lakini mwongozaji naye ana upande wa pili, na huu hauzungumzwi vya kutosha. Anayekuonyesha okidi adimu amekuonyesha pia mahali pa kuchimba. Picha moja ya simu iliyohifadhi mahali ilipopigwa, ikirushwa mtandaoni, inamfikia mchimbaji na mpenda maua kwa pamoja.

Hata hivyo naunga mkono mwongozaji, mradi awe mtu wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi, Matamba na jirani zake. Huyo anaijua chikanda, anawajua wanaoichimba, na ana sababu ya kutaka maua yabaki. Sisemi ujira wake utaushinda mvuto wa viazi: wageni ni wachache na msimu ni miezi mitano tu. Kwa hiyo doria haziepukiki.

Nisingemlazimisha kila mtu, lakini. Kandokando ya barabara, kwenye maua mengi yanayojulikana, watu watembee wenyewe, na wazawa walipe kiingilio kidogo. Maeneo ya okidi adimu yafikiwe na makundi madogo yenye mwongozaji, kwa njia zinazobadilishwa kila msimu ili nyasi zipumzike. Na getini, kabla kundi halijaanza kutembea, kila simu izimwe huduma ya kurekodi mahali.