Mary Anning Alikuwa na Mbwa, Mimi Nilikuwa na Mpwa

Mary Anning, yule mwanamke wa Lyme Regis aliyefukua mijusi wakubwa wa baharini kutoka kwenye magenge ya Uingereza, alikuwa akitembea na mbwa wake, Tray. Mimi nilikuwa na mpwa. Tofauti ni kwamba mbwa hasemi.

Tray aliporomokewa na genge mwaka 1833, akafa papo hapo mbele ya macho ya bibi yake. Kwa hiyo somo la kwanza nililompa mpwa wangu, mwenye miaka 9, lilikuwa kutokaa chini ya genge hata kama jua linamchoma. La pili, tunamtafuta amonaiti aliyegeuka jiwe, yaani kisukuku chake: jamaa wa kale wa pweza na ngisi, aliyeishi ndani ya gamba lililojikunja kama pembe ya kondoo dume, akatoweka miaka milioni 66 iliyopita pamoja na dinosaria. La tatu ndilo lililokuja kuniumbua.

"Tazama mkunjo," nilimwambia, nimekohoa kidogo kama profesa. "Gamba huanza jembamba pale katikati, kisha hunenepa kila linapozunguka, kwa sababu mnyama alikuwa anakua. Ukiona kitu kina unene uleule mwanzo hadi mwisho, huyo si amonaiti. Hiyo ni kamba."

"Sawa, mjomba."

Nikajua atasahau.

Tulikwenda siku ya bamvua, dhoruba imepita siku mbili kabla, na maji yalikupwa mpaka miamba ya chini kabisa ikawa nje. Saa ya kwanza tuliokota kokoto. Saa ya pili raba zangu zilikuwa zimelowa chapachapa, nikazivua na kuzianika juu ya jiwe. Mzikumbuke hizo raba.

Ndipo nikakiona. Kimejikunja ndani ya bonge gumu la rangi ya kutu, kipana kama sinia, mbavu zimejipanga moja baada ya nyingine. Nikapiga magoti pale pale. Wapo amonaiti waitwao daktilioserasi, ambao kwa mbavu zao ungedhani ni kamba iliyoviringishwa, kwa hiyo kufanana na kamba hakukunitia shaka hata kidogo. Kulinitia moyo.

"Mjomba, mbona hapa katikati ni nene sawasawa na huku nje?"

Kumbe hakusahau.

"Mwamba umekibana," nikamjibu. "Wewe ukilaliwa na mwamba miaka yote hiyo, utabaki na umbo lako?"

Nikavaa miwani ya kukinga macho, nikashika nyundo na tindo. Pigo la nne au la tano, kipande kikabanduka, na shimo likaonekana katikati ya bomba. Hapa inabidi niwaeleze kitu. Gamba la amonaiti lina vyumba vyumba, na vyumba hivyo vimeunganishwa na mrija mwembamba unaopita pembezoni, upande wa nje wa mkunjo. Mrija ukipita katikati, huyo ni nautilasi, ambaye ukoo wake unaishi baharini mpaka leo. Mtu mwenye akili timamu angeliona shimo lile, angeweka nyundo chini, akatafakari.

"Si amonaiti!" nikapiga ukelele. "Ni nautilasi!"

"Vyumba vyake viko wapi?"

"Vimeyeyuka."

Mpenda chongo huita kengeza.

Tayari nilikuwa nawaza jina. Kwa desturi, mwanasayansi hakipi kiumbe jina lake mwenyewe, ni aibu. Ila sijasikia desturi inayokataza jina la mpwa. Nikamtangazia kwamba kisukuku hiki kitaitwa kwa jina lake, kwa Kilatini, milele na milele, mradi abebe mkoba na aache maswali. Akanyamaza nusu saa nzima.

Nusu saa hiyo hapakuwa na aliyeitazama bahari. Na bamvua, kwa wasioijua, hupwa mbali sana na hujaa vilevile.

"Mjomba, si swali. Raba zako zinaogelea."

Moja ilishashika njia ya kilindini, nyenzake inaifuata. Maji yalikuwa yananifika magotini. Ilibidi nichague, na nilichagua haraka: nautilasi wa mamilioni ya miaka haachwi kwa ajili ya raba. Nikalikumbatia bonge langu kama mtoto mchanga, mpwa kanishika shati, tukavuka miamba iliyojaa chaza. Nilikuwa pekupeku. Sitaeleza zaidi.

Tulipofika mchanga mkavu nikalitua bonge. Mawimbi yalikuwa yamelisuuza vizuri kuliko nilivyoweza mimi kwa tindo.

"Mjomba."

"Nilisemaje kuhusu maswali?"

"Si swali. Kisukuku kina skrubu."

Nikainama. Kwenye ncha ya nje palikuwa na mkanda wa chuma wa kubania bomba, na skrubu yake, imeliwa na kutu lakini ufa wa kuingizia bisibisi unaonekana wazi. Lilikuwa bomba la pampu, lile la kunyonyea maji, lenye waya wa chuma uliozungushwa ndani. Mbavu zote zile zilikuwa waya. Chuma kikioza baharini, kutu yake hugandisha mchanga na kokoto mpaka unapata kitu kigumu kama mwamba, na haihitaji miaka milioni hata mmoja. Kule Whitby, mji wa pwani ya Uingereza, zamani, watu waliwachongea amonaiti vichwa vya nyoka ndipo wawauze. Wangu alikuja na kichwa chake kabisa.

Nikakaa chini, nyayo zinavuja damu. Mpwa naye akakaa pembeni yangu, kimya, mikono mapajani, kama aliyekuja msibani. Akanipa muda. Kisha akaniuliza polepole:

"Mjomba, bado kitaitwa kwa jina langu?"