Gari la Tajiri wa Jana

Asubuhi unatoka nje na kulikuta gari lako kuukuu la kifahari limepiga magoti kama ngamia. Upande mmoja wa mbele umelalia tairi, upande wa pili umesimama. Unawasha injini, kompresa inaanza kunguruma, na baada ya dakika moja hivi gari linajiinua taratibu, kwa heshima zote, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kama umelinunua juma lililopita, utacheka. Kama umekaa nalo mwaka mzima, utajua kwamba hicho kinachonguruma hakina siku nyingi.

Kilichotokea si muujiza. Magari mengi makubwa ya kifahari ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini hayabebwi na springi za chuma, yanabebwa na maputo ya mpira yaliyojazwa hewa. Mercedes S-Class aina ya W220, iliyoingia sokoni 1998, ilikuja nayo kama kifaa cha kawaida, na Jaguar XJ ya 2003 vivyo hivyo. Mpira huzeeka, hupata nyufa nyembamba kama nywele, na usiku hewa hutoka kidogo kidogo. Kompresa iliyotengenezwa kufanya kazi kwa muda mfupi tu sasa inakimbizana na hewa isiyojaa, mpaka inaungua. Mwenye gari ananunua kompresa mpya kwa kuwa ndiyo iliyokufa. Puto lenye nyufa analiacha kwa kuwa bado linashikilia kiasi. Miezi michache baadaye kompresa ya pili inaifuata ya kwanza, na puto lenyewe bado halijanunuliwa.

Mkasa huo mdogo umebeba ugomvi mzima kuhusu magari haya. S-Class, BMW 7, Audi A8, Jaguar XJ, Lexus LS: vyombo vilivyokuwa vya mawaziri na wenye makampuni, ambavyo baada ya miaka kumi na tano au ishirini huuzwa kwa bei ya gari dogo lililochoka, na wakati mwingine chini ya hapo. Wapo wanaosema kununua gari la namna hii ukiwa na kipato kidogo ni kujitafutia umaskini kwa viti vya ngozi. Wapo wanaosema huo ndio ununuzi wenye akili kuliko wote. Nimewasikiliza sana wa pande zote mbili, na naona kila upande unasema kweli juu ya gari ambalo mwenzake halizungumzii.

Hoja ya wapinzani inaanzia kwenye spea. Gari huteremka bei kila mwaka, lakini shokapu yake ya hewa haijui kwamba gari limeuzwa mara nne. Bei yake ilipangwa kwa ajili ya mnunuzi wa kwanza na imebaki pale pale. Basi unaweza kununua gari zima kwa sehemu moja ya kumi ya bei yake ya awali, kisha ukaambiwa kwamba shokapu nne mpya za kampuni yenyewe zinakaribia nusu ya ulicholipa. Watu wengi hukosea hesabu hapa. Wanaangalia bei ya kununulia na kudhani wamepanda daraja, kumbe kipato chao sasa kinatakiwa kuhudumia gari la daraja la mwenye nalo wa kwanza.

Na spea ni nusu tu ya habari. Chukua injini ya N62, ile ya silinda nane iliyowekwa kwenye BMW 7 ya E65 kuanzia 2001. Bondeni, katikati ya safu mbili za silinda, hupita bomba la maji. Sili yake hukauka, maji yanaanza kuvuja, na mwenye gari anashangaa yanakwenda wapi maana chini hakuna tone kubwa. Kulitoa bomba lile kwa njia rasmi kunamlazimu fundi kufungua sehemu kubwa ya mbele ya injini. Kitu chenyewe ni kidogo, ila kazi yake ni ya siku kadhaa. Baadaye watengenezaji wa nje wakabuni bomba linalorefuka na kufupika, ambalo huingizwa kwa mkato bila kubomoa kila kitu, na mafundi wengi wakalipokea kwa furaha. Nalitaja kwa sababu linaonyesha pande zote mbili kwa mpigo: gari lilisanifiwa bila kumfikiria mtu atakayelitengeneza likiwa na umri wa miaka kumi na tano, na hao watengenezaji wa nje ndio waliomsaidia.

Halafu kuna umeme. Kwenye kizazi hicho hicho redio, simu, vikuza sauti na kiongozi cha njia viliunganishwa kwa nyuzi za mwanga zilizozunguka kama pete. Kifaa kimoja kikifa, pete hukatika, na vyote vinanyamaza pamoja. Fundi asiyejua hilo atabadilisha redio, halafu kikuza sauti, halafu atakuombea dua. Hata ukipata kifaa kizuri kutoka kwenye gari lililovunjwa, mara nyingi hakikubali kufanya kazi mpaka kisajiliwe upya kwa namba ya chasi yako, jambo linalohitaji kompyuta yenye programu yake. Fundi hodari wa kusikiliza injini kwa sikio, mwenye mikono ya dhahabu, hapa hukwama mlangoni.

Basi wapinzani wameshinda? Ngoja kwanza.

Watetezi wana hoja ambayo wapinzani hupenda kuiruka: gari jipya dogo nalo linakula pesa, tofauti ni kwamba linakula kimya. Gari huanguka thamani kwa kasi zaidi katika miaka yake ya mwanzo, na anayelinunua jipya, hasa kwa mkopo, analipa anguko hilo kila mwezi bila kupewa risiti yoyote yenye jina hilo. Gari kubwa la kifahari la miaka ishirini limekwisha kuanguka, chini ya hapo hakuna pa kwenda. Mwenye nalo hulipa bili zinazoonekana, zinazopiga kelele, zinazosimuliwa. Mwenye gari jipya hana cha kusimulia, lakini siku ya kuliuza ndipo anapokutana na hesabu yake yote kwa mara moja. Ukizilinganisha gharama hizi mbili kwa uaminifu kwa miaka mitatu au minne, si mara zote gari jipya linashinda.

Lipo pia jambo ambalo halimo kwenye daftari la hesabu, nami silidharau. Magari haya yalitengenezwa na watu walioambiwa wasibane matumizi. Inasimuliwa kwamba Ferdinand Piëch, aliyekuwa mkuu wa Volkswagen, alipoagiza Volkswagen Phaeton iliyotoka 2002, alitaka gari linaloweza kukimbia kilomita 300 kwa saa kutwa nzima nje kukiwa na joto la nyuzi 50, huku ndani wakikaa kwa nyuzi 22. Hakuna aliyelihitaji gari la hivyo. Lakini mtu akiketi ndani ya Phaeton iliyochakaa leo, akafunga mlango na kusikia ule ukimya, anakuwa amekalia ukaidi wa mzee yule, na ameupata kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mabepari wenyewe hawakutaka kulipa fedha nyingi kwa gari lenye nembo ya Volkswagen.

Kuhusu usalama, watetezi husema kweli kisha hupitiliza. Ni kweli kwamba magari makubwa ya kifahari yalitangulia: breki za ABS kwenye S-Class 1978, eabegi ya dereva 1981, mfumo wa ESP wa kuzuia gari lisiteleze 1995, miaka mingi kabla magari madogo hayajavipata. Uzito wa karibu tani mbili nao ni ngao ya namna fulani. Lakini magari madogo ya leo yamejengwa kwa elimu ya ajali ambayo wahandisi wa miaka ya tisini hawakuwa nayo. Tena vifaa vya usalama vyenyewe huzeeka. Eabegi za kampuni ya Takata, zilizofungwa kwenye magari ya kampuni nyingi, zilitumia kemikali inayoharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kiasi kwamba eabegi inaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Makumi ya mamilioni ya magari yaliitwa yarudi kubadilishiwa. Kabla ya kujisifia eabegi nane za gari la zamani, ingiza namba ya chasi kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama lako limo.

Mpaka hapa mjadala unaweza kuendelea hadi kesho, kwa sababu neno «zamani» linachanganya magari yasiyofanana. Kwangu mimi swali linaloamua ni mwaka wa kuzaliwa, na jibu lake huwashangaza watu: gari la zamani zaidi mara nyingi ndilo rahisi kuishi nalo.

S-Class ya W126, iliyotoka 1979, nyingi zake zimekalia springi za chuma, na mafuta huingizwa kwa mfumo ambao sehemu yake kubwa unaweza kuugusa kwa mkono. Lexus LS 400 ya 1989 ilijengwa na Toyota kwa lengo la kuwatikisa Wajerumani, na iliwatikisa. Ugonjwa wake unaojulikana sana ni pampu ya usukani kuvuja na mafuta kudondokea jenereta. Badilisha vyote viwili, badilisha mkanda wa taimingi kwa wakati wake, endelea na safari. Moja ya mwaka 1996 huko Marekani ilivuka maili milioni moja. Gari moja si ushahidi wa yote, lakini sijasikia BMW ya E65 iliyofika huko.

Hatari imejaa zaidi kwenye kizazi cha katikati, kile cha kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini hadi karibu 2010, watengenezaji waliposhindana kuweka kompyuta kila kona kabla ya kujifunza namna ya kuzifanya ziishi muda mrefu. Hiki ndicho kizazi kilichojaa sokoni sasa kwa bei nafuu, na ndicho kinachompa mnunuzi mchanga jina la mjinga. Sheria hii ina matundu yake. Mercedes za mwanzoni na katikati ya miaka ya tisini zina waya za injini ambazo ganda lake humomonyoka kama biskuti kwa joto, kwa hiyo uzee peke yake haukuokoi. Na Lexus LS 430 ya 2000, ingawa imo ndani ya kipindi cha hatari, imewaaibisha wenzake wote.

Ndani ya kizazi hicho hicho, chagua gari maskini. Anayenunua gari la kifahari hutamani lenye kila kitu, na hapo ndipo anaponasa. S 600 ya W220 ya mwanzoni ina silinda kumi na mbili na plagi 24, mbili kwa kila silinda, na koili zake zimeungana kwa safu. Yule ndugu yake wa silinda sita, aliyedharauliwa akiwa mpya, leo ndiye mwenye maisha marefu. Penye springi za chuma, chukua springi za chuma. Mlango usiojifunga wenyewe ni mlango usioharibika.

Na ukienda kulitazama, nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, baada ya gari kulala usiku mzima mahali pamoja. Muuzaji akikukaribisha na injini iliyokwisha pata moto, jua kuna kitu anakificha. Uliza oili ya giaboksi ilibadilishwa lini. Wengi watakujibu kwamba haibadilishwi kamwe, imejazwa kwa maisha yote ya gari. Ndivyo wauza magari walivyosema. ZF, waliotengeneza giaboksi nyingi kati ya hizo, wenyewe hushauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Bahasha ya risiti za miaka kumi ina thamani kuliko rangi inayong'aa.

Fedha nazo: mimi nasema usinunue kama huna akiba ya angalau nusu ya bei ya gari, ikiwa imekaa pembeni bila jina la jambo jingine. Mtu akisema hana, basi bei anayoitazama si ya kwake, atafute gari la chini ya hapo. Ila hata mwenye akiba anaweza kuadhibiwa ikiwa gari hilo ndilo pekee linalompeleka kazini. Kusubiri sili kwa wiki mbili ni usumbufu kwa mwenye njia nyingine ya kusafiri. Kwa asiye nayo huo ni mshahara unaokatika, na atajikuta akimlipa fundi yeyote, kwa bei yoyote, ili gari litoke leo. Nimeona zaidi ya mmoja akishindwa kwa sababu hiyo, na bili yenyewe haikuwa kubwa kiasi cha kumshinda mtu.

Lipo jambo ambalo pande zote mbili hulisahau, nalo ni siku ya kuacha. Kila bili ikija peke yake huonekana ya haki: gari limekwisha kugharimiwa kompresa, kwa nini lisigharimiwe puto? Limepata puto, kwa nini lisipate giaboksi? Mnunuzi makini huandika mapema, kabla ya mapenzi kuingia, kiasi ambacho kikivukwa gari litauzwa vipande vipande. Na magari haya yana faida moja ya ajabu siku hiyo: wako wengine wengi wanaoyamiliki, wote wanatafuta spea, na kitakachonunuliwa kwanza kabisa ni ile kompresa uliyoifunga juzi.