Wanaume, ini na lawama ya pombe

Mwaka 2017 sirosisi, yaani ini kuwa na makovu hadi kushindwa kazi, iliua watu takriban milioni 1.3 duniani. Theluthi mbili walikuwa wanaume. Wengi wakisikia hivyo hawaumizi kichwa: wanaume wanakunywa. Na wanakunywa kweli, tena zaidi ya wanawake karibu kila mahali. Basi, inasemwa, vifo hivi vinazuilika, wapunguze. Hoja hiyo siidharau. Tanzania ilipopiga marufuku viroba mwaka huohuo wa 2017, iligusa pombe kali iliyokuwa rahisi kununua na rahisi kuficha mfukoni.

Ila kuna homa ya ini B, maambukizi ya virusi ambayo nayo huleta sirosisi. Mtoto akiambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa virusi kumkaa moja kwa moja ni kama asilimia 90. Kwa mtu mzima haufiki 5. Aliyeambukizwa utotoni anaweza kufika miaka 40 bila kuonja gongo, kisha tumbo likajaa maji, macho yakawa manjano, na msibani watu wakanong'ona kwamba alikuwa mlevi. Kinachochanganya zaidi, hata kwa virusi hivyo ini la mwanamume huharibika kwa urahisi kuliko la mwanamke, na homoni zinahusishwa. Kwa hiyo si tabia peke yake.

Kwenye pombe mambo yanageuka. Mwanamke ana maji machache mwilini, hivyo chupa zilezile humdhuru zaidi. Kinachomlinda ni kunywa kidogo, na desturi hiyo mijini inalegea.

Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002, ndani ya chanjo ya mchanganyiko ambayo mtoto huanza kupewa akiwa na wiki kadhaa. Shirika la Afya Duniani linataka dozi ya kwanza ndani ya saa 24. Waliozaliwa kabla ya 2002, chanjo iliwapita. Kati yao mwanamke angalau hufika kliniki akiwa mjamzito, na damu yake ikachukuliwa. Mwanamume hana mlango kama huo. Wengi hujulikana wakianza kutapika damu. Mimi ningeanzia hapo kabla ya mahubiri ya pombe: anayekuja kupima VVU apimwe na B papo hapo. Tenofovir, dawa inayozuia virusi vya B, tayari inatumika kwa wagonjwa wa VVU.