Heshima ipi hiyo ya zamani?

Kuna makala niliyoanza kuisoma ambayo mwandishi wake analalamika kwamba kizazi hiki kinatukuza umaarufu wa mitandaoni, ilhali wa kale walitukuza heshima. Heshima ipi? Mwaka 1804 Aaron Burr, akiwa makamu wa rais wa Marekani, alimpiga risasi hasimu wake wa kisiasa, Alexander Hamilton, katika pambano la bastola, kisa hiyohiyo heshima. Hamilton akafariki kesho yake. Enzi hizo aliyekataa mwaliko wa namna hiyo ndiye aliyeitwa mwoga.

Au mtazame Edward Colston, aliyetajirika kwa biashara ya watumwa. Alifariki 1721. Watu wa Bristol, mji wa Uingereza, wakamsimamishia sanamu 1895, wakati biashara hiyo ilishapigwa marufuku miaka mingi, wakimsifu kwa misaada yake (eti!). Mwaka 2020 sanamu ikaangushwa na kutupwa majini bandarini. Marehemu hakubadilika hata kidogo, waliobadilika ni watazamaji.

Umaarufu wa mitandaoni nami unanichosha, sikatai. Ila kuupinga kwa kusifia zamani, hapo mwandishi ameteleza. Angetuuliza ni kipi tunachokipigia makofi leo ambacho wajukuu zetu watakionea haya, ningemsoma hadi mwisho.