Bustani bondeni sawa, na mpangaji je?

Habari yenu imeeleza vizuri mpango wa kugeuza bonde la Msimbazi, hapa Dar es Salaam, kuwa bustani ya jiji na kuinua daraja la Jangwani. Sipingi. Sisi wa Magomeni tunajua, masika yakichachamaa barabara inafungwa, Kariakoo unaiona kwa macho tu. Na mafuriko ya Desemba 2011 nani kayasahau? Wenzetu wa bondeni walihamishiwa hadi Mabwepande, pembezoni mwa jiji.

Ila mmetaja fidia ya wenye nyumba tu. Kuna mama lishe tuliyekuwa tukila kwake, alipanga chumba kimoja kule bondeni. Nyumba imebomolewa, mwenye nyumba kalipwa, yeye sufuria zake nne ziko kibarazani kwangu mpaka leo. Hiyo bustani ikiisha ataruhusiwa kuchoma chapati humo, au itakuwa ya kupigia picha za harusi?