Mikanda ya RTD isife kabatini

Ikitajwa Radio Tanzania Dar es Salaam, watu hukumbuka sauti: watangazaji David Wakati na Ahmed Jongo, wachekeshaji Pwagu na Pwaguzi, ile ngoma ya kabla ya taarifa ya habari. Nami nazipenda. Ila kwa maoni yangu urithi mkubwa wa redio ile ni mikanda yake ya muziki, na hiyo hatuisemei vya kutosha.

Redio yenyewe ilianza 1951, enzi za Mwingereza, ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 ikawa shirika, na 1965 serikali ikalivunja shirika hilo na kuiweka redio chini ya wizara. Hapo ndipo lilipopatikana jina la RTD. Tusidanganyane: kuanzia hapo habari zilikuwa za serikali, na mkubwa hakuulizwa swali la kumkera. Lakini ni redio hiyo hiyo iliyobeba kampeni ya afya ya Mtu ni Afya mwaka 1973, na iliyowapa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, yaani ANC, FRELIMO na SWAPO, nafasi ya kuzungumza na watu wao.

Sasa muziki. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Kwa bendi nyingi, kurekodi maana yake ilikuwa kwenda RTD, Barabara ya Pugu. NUTA Jazz, Western Jazz, Marijani Rajab, Mlimani Park, wote walipita pale. Nyimbo nyingi hazikuwahi kutoka kwenye santuri, kwa hiyo ule mkanda wa redio ndio nakala mama. Na mkanda huzeeka. Joto na unyevu wa Dar haviuhurumii.

RTD iliwahi kuuza kaseti za zilipendwa, na nyimbo kadhaa tunazozisikia YouTube leo, kwa mikwaruzo yake, zimetoka kwenye kaseti za namna hiyo, au kwa mtu aliyekuwa akirekodi redio sebuleni kwake. Mwenye wimbo, au watoto wake, sijui kama wanaona hata shilingi.

RTD ikaja kuwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania (TUT), kisha Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), na mikanda ikarithiwa. Ni kazi iliyofanywa kwa fedha za umma, kwa hiyo umma una haki ya kuuliza. Kuihamishia yote kwenye kompyuta ni gharama, nakubali. Basi tuanze na orodha iliyo wazi kwa kila mtu: wimbo, bendi, mwaka, na majina ya waliopiga, hadi mpiga tumba.